Ugawanye kwa jumla ipi? Ulinganisho wa njia tatu za kukokotoa asilimia katika jedwali la njia mbili

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea daftari ambamo namba 12 ilikuwa imezungushiwa duara kwa penseli, na mbele yake yalikuwapo majibu matatu yaliyopangana kama watu kwenye foleni: asilimia 27.9, asilimia 9.6 na asilimia 4.1. Akaniuliza, "Mwalimu, yote matatu nimeyahakiki kwa kikokotoo, sasa nichague lipi?" Nilipoyapitia niliona kwamba hakukosea kugawanya hata mahali pamoja. Kiasi kilikuwa 12 katika sehemu zote tatu; kilichobadilika ni asili tu, yaani namba ya chini, ambayo mara ilikuwa 43, mara 125, mara 290. Alichokwamia ni uchaguzi, wala si hesabu, na uchaguzi huohuo huwakwamisha watu wazima wenye shahada zao wanapoandika ripoti za zahanati, za shule na za miradi.

Jedwali alilokuwa nalo lilitokana na utafiti uliofanyika Uganda. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya kupima damu ya watoto 290 wa Kiganda wa maeneo ya karibu na Kampala. Alitaka kujua iwapo watoto wenye sifa ya selimundu, yaani waliorithi kasoro hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu na ambao kwa kawaida hawaugui selimundu yenyewe, hukutwa na vimelea vya malaria kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Aliyoyapata ni haya:

| | Wenye vimelea | Wasio na vimelea | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wenye sifa ya selimundu | 12 | 31 | 43 |
| Wasio na sifa hiyo | 113 | 134 | 247 |
| Jumla | 125 | 165 | 290 |

Kila kisanduku cha ndani kinaweza kugawanywa kwa jumla ya safu mlalo yake, kwa jumla ya safu wima yake, au kwa jumla kuu iliyo pembeni chini kulia. Njia mbili za kwanza hutoa kile ambacho wanatakwimu hukiita marudio ya uwiano yenye masharti: tunajifunga kwanza kuangalia kundi moja tu, kisha tunauliza ni sehemu gani ya kundi hilo yenye sifa fulani. Njia ya tatu haina sharti lolote. Nimeiweka katika ulinganisho huu kwa sababu ndiyo inayochanganywa na hizo mbili mara nyingi zaidi.

Majina "mlalo" na "wima" yana udhaifu wake, na ni vizuri kuusema mapema. Jedwali likigeuzwa, makundi yakapanda juu na matokeo yakaja kushoto, safu mlalo inakuwa wima na kanuni yoyote iliyokaririwa kwa majina hayo inapinduka nayo. Kwa hiyo hapa chini nitasema "kugawanya kwa kundi" pale asili inapokuwa jumla ya wenye sifa au wasio nayo, na "kugawanya kwa matokeo" pale asili inapokuwa jumla ya waliokutwa au wasiokutwa na vimelea.

## Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni swali lenyewe. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani, kwa sababu swali lolote la aina hii linaweza kuandikwa upya likaanza na maneno "kati ya", na watu wanaofuata mara baada ya maneno hayo ndio wanaokwenda chini kuwa asili. "Kati ya watoto wenye sifa ya selimundu, wangapi wana vimelea?" linaweka 43 chini. "Kati ya watoto wenye vimelea, wangapi wana sifa ya selimundu?" linaweka 125 chini. Swali lisiloweza kuandikwa hivyo bado halijakamilika, na hakuna haja ya kulitafutia jibu mpaka aliyeuliza aseme anawazungumzia akina nani.

Kigezo cha pili ni asilimia zipi zinapaswa kujumlika kuwa 100. Hiki ni kigezo cha ukaguzi zaidi kuliko cha uchaguzi, lakini ndicho kinachokuwezesha kuitambua njia aliyoitumia mtu mwingine ambaye hakujishughulisha kuitaja.

Kigezo cha tatu ndicho ninachokiona kikipuuzwa zaidi, nacho ni namna jumla zilivyopatikana. Zipo jumla zinazojitokeza zenyewe baada ya kuhesabu, kama 43 na 247 katika jedwali letu, ambazo hakuna aliyezijua kabla damu haijapimwa. Zipo pia jumla ambazo mtafiti alizipanga kabla hajamgusa mtu yeyote, kwa mfano anapoamua kuchukua wagonjwa mia moja na wazima mia moja. Jumla ya kupangwa haisemi lolote kuhusu ukubwa wa kundi hilo katika jamii, na njia yoyote ya kugawanya inayoitegemea kana kwamba inasema hutoa namba isiyo na maana, hata kama hesabu yake ni sahihi mpaka nafasi ya kumi ya desimali.

Kigezo cha nne ni mtego, maana asilimia huandikwa ili isomwe na wengine, na kila njia ina namna yake ya kueleweka vibaya.

## Kugawanya kwa kundi

Swali linalojibiwa. Njia hii huuliza: kati ya watu wa kundi hili, ni sehemu gani ilipatwa na tokeo lile? Ndilo swali la yeyote anayetaka kujua kama kuwa katika kundi fulani kunaongeza au kunapunguza uwezekano wa jambo kutokea.

Hesabu. Kwa wenye sifa ya selimundu, 12 ÷ 43 ni asilimia 27.9 wenye vimelea, na 31 ÷ 43 ni asilimia 72.1 wasio navyo. Kwa wasio na sifa hiyo, 113 ÷ 247 ni asilimia 45.7, na 134 ÷ 247 ni asilimia 54.3. Kila mstari wa kundi unajumlika kuwa 100. Baada ya hapo mtu husoma kwa kushuka: 27.9 dhidi ya 45.7. Huu ndio mwendo unaowapotea wengi, kwani wanagawanya kwa kwenda pembeni na kulinganisha kwa kwenda pembeni vilevile, wakajikuta wanalinganisha 27.9 na 72.1, ulinganisho ambao hauwaambii chochote isipokuwa kwamba namba mbili zinazojazana hadi 100 zimejazana. Ukigawanya pembeni, linganisha kwa kushuka.

Inasaidia pia kuweka kando asilimia ya watoto wote, 125 ÷ 290, yaani 43.1. Kama sifa ya selimundu isingehusiana kabisa na vimelea, makundi yote mawili yangekaribia 43.1. Kundi moja limeshuka mbali chini yake na jingine limepanda juu kidogo tu. Sababu ya "kidogo tu" ni kwamba kundi la pili lina watoto 247 kati ya 290, hivyo wastani wa wote unavutwa upande wake.

Takwimu zinazoiruhusu. Njia hii inakubalika pale watu walipochukuliwa bila kuchaguliwa kwa kundi wala kwa matokeo, kama watoto wale wa karibu na Kampala. Inakubalika pia pale makundi yalipopangwa kwa ukubwa maalumu. Katika utafiti wake huohuo Allison aliwaambukiza malaria watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wakiwa na sifa ya selimundu na 15 wakiwa hawana, jaribio ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelisimamisha kabla halijaanza. Wawili kati ya 15 wa kwanza walikutwa na vimelea, na 14 kati ya 15 wa pili. Namba 15 zilipangwa, lakini hilo halina madhara hapa, kwa sababu tunauliza kilichotokea ndani ya kila kundi na si ukubwa wa kundi lenyewe.

Mahali inapokataliwa ni pale matokeo yalipopangwa. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao wa hospitali za London kuhusu uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Kwa upande wa wanaume walikuwa na wagonjwa 649 wa saratani hiyo, ambao 647 walikuwa wavutaji, na wanaume 649 wa kulinganishia wasio na saratani hiyo, ambao 622 walikuwa wavutaji. Mtu akigawanya kwa kundi atapata 647 ÷ 1,269, yaani asilimia 51 ya wavutaji wana saratani ya mapafu. Hakuna nchi yenye hali hiyo. Asilimia 51 imetokana na uamuzi wa watafiti kuchukua mtu mmoja wa kulinganishia kwa kila mgonjwa. Wangechukua wawili, na wavutaji miongoni mwao wakawa kwa kiwango kilekile, hesabu ingekuwa 647 ÷ 1,891, ambayo ni asilimia 34.2. Namba inayobadilika kwa matakwa ya mtafiti, huku ugonjwa ukibaki uleule, haipimi ugonjwa.

Mtego. Asilimia za makundi mawili hukaa bega kwa bega kana kwamba zina uzito sawa. Katika kundi la watoto 43, mtoto mmoja akihama kisanduku asilimia inasogea kwa 2.3, katika kundi la 247 inasogea kwa 0.4 tu. Andika jumla ya kundi kando ya asilimia yake kila mara, na kwa kundi la watu 15 ni heri uandike "2 kati ya 15" na kuiacha desimali ipumzike.

Inamfaa mtabibu, mwalimu anayelinganisha matokeo ya mikondo miwili, na mtu yeyote anayepima athari ya dawa, mbegu au mafunzo.

## Kugawanya kwa matokeo

Swali linalojibiwa. Hapa tunasimama mwishoni na kutazama nyuma: kati ya waliopatwa na tokeo hili, wametoka makundi gani?

Hesabu. Kati ya watoto 125 wenye vimelea, 12 wana sifa ya selimundu, yaani asilimia 9.6, na 113 hawana, yaani asilimia 90.4. Kati ya watoto 165 wasio na vimelea, 31 wana sifa hiyo, asilimia 18.8, na 134 hawana, asilimia 81.2. Safu za matokeo ndizo zinazojumlika kuwa 100, na ulinganisho unakwenda pembeni: 9.6 dhidi ya 18.8.

Takwimu zinazoiruhusu. Ni kinyume cha njia iliyotangulia. Utafiti wa London uliokataa kugawanywa kwa kundi unakubali njia hii bila shida: 647 ÷ 649 ni asilimia 99.7 ya wagonjwa waliokuwa wavutaji, na 622 ÷ 649 ni asilimia 95.8 ya watu wa kulinganishia. Tofauti inaonekana ndogo kwa jicho, kwa sababu wanaume wa Uingereza wa wakati ule karibu wote walivuta, lakini itazame upande wa pili: wasiovuta walikuwa 2 katika kundi moja na 27 katika jingine. Jaribio la watu 30, kwa upande wake, linaikataa njia hii. Kati ya 16 waliokutwa na vimelea wawili walikuwa na sifa ya selimundu, asilimia 12.5, lakini namba hiyo inategemea kwamba Allison alichagua 15 na 15. Angechagua 5 na 25 ingekuwa nyingine kabisa.

Katika jedwali la watoto 290 njia zote mbili zinaruhusiwa, na ndiyo sababu linafaa kufundishia.

Mtego. Hapa ndipo panapotakiwa subira, kwa sababu mtego wa njia hii umewanasa watu wengi kuliko mitego mingine yote ikijumlishwa. Kundi kubwa huchangia wengi katika kila tokeo, liwe jema au baya, kwa sababu tu ni kubwa. Mfano bora ninaoufahamu ni wa meli ya Titanic. Kwa hesabu za uchunguzi rasmi wa Uingereza wa mwaka 1912, meli ilikuwa na watu 2,201 na waliookoka ni 711, kwa mgawanyo huu:

| | Waliookoka | Waliokufa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Daraja la kwanza | 203 | 122 | 325 |
| Daraja la pili | 118 | 167 | 285 |
| Daraja la tatu | 178 | 528 | 706 |
| Wafanyakazi wa meli | 212 | 673 | 885 |
| Jumla | 711 | 1,490 | 2,201 |

Gawanya kwa matokeo, na utaona kwamba kati ya waliookoka wafanyakazi wa meli walikuwa asilimia 29.8, abiria wa daraja la kwanza 28.6, wa daraja la tatu 25.0, na wa daraja la pili 16.6. Mtu akiishia hapo anaweza kuandika, kwa namba sahihi kabisa, kwamba hakuna kundi lililoongoza kwa kunusurika kuliko wafanyakazi, na anaweza hata kuwatuhumu kwamba walijichukulia mashua na kuwaacha abiria. Sasa gawanya kwa kundi. Daraja la kwanza waliokoka asilimia 62.5 yao, daraja la pili 41.4, daraja la tatu 25.2, na wafanyakazi 24.0. Waliokuwa wa kwanza wamekuwa wa mwisho, na hakuna namba hata moja katika jedwali iliyoguswa.

Dawa ya mtego huu ni kutoiacha asilimia ya matokeo isimame peke yake. Iweke kando ya sehemu ya kundi hilo katika watu wote. Wafanyakazi walikuwa asilimia 40.2 ya watu wote melini lakini asilimia 29.8 tu ya waliookoka, hivyo wamepungukiwa. Daraja la kwanza walikuwa asilimia 14.8 ya watu wote na asilimia 28.6 ya waliookoka, karibu mara mbili ya fungu lao. Kwa sadfa tu, watoto wenye sifa ya selimundu nao walikuwa asilimia 14.8 ya watoto wote waliopimwa, huku wakiwa asilimia 9.6 ya wenye vimelea. Ukishaziona namba hizo mbili pamoja, hitimisho linalingana na lile la kugawanya kwa kundi, na hakuna tena anayedanganywa na ukubwa.

Inamfaa anayepanga huduma. Msimamizi wa wodi anayetaka kujua vitanda vyake vinajazwa na wagonjwa wa wapi hana haja ya kujua hatari ya kila kijiji. Anahitaji kujua kati ya waliolazwa ni wangapi wametoka kila upande, na kundi kubwa lenye hatari ndogo linaweza kumpa kazi nyingi kuliko kundi dogo lenye hatari kubwa. Inamfaa pia mtafiti wa ugonjwa adimu, ambaye hawezi kusubiri miaka ishirini ili makundi yaugue mbele ya macho yake, hivyo anaanza na waliokwisha kuugua.

## Kugawanya kwa jumla kuu

Swali linalojibiwa. Kati ya watu wote, ni sehemu gani wana sifa hizi mbili kwa pamoja?

Hesabu. Asilimia 4.1, 10.7, 39.0 na 46.2, na zote nne ndizo zinazojumlika kuwa 100. Asilimia za pembezoni, kama ile 43.1 ya wenye vimelea na 14.8 ya wenye sifa ya selimundu, hutoka katika njia hii.

Takwimu zinazoiruhusu. Ni zile tu ambazo hakuna jumla ya ndani iliyopangwa. Jaribio la watu 30 linaikataa, na utafiti wa London vilevile.

Mtego. Kuandika "asilimia 4.1 ya watoto wenye selimundu wana malaria." Neno "wenye" limebeba sharti ambalo hesabu haikulibeba. Asilimia 4.1 ni ya watoto wote 290, na sentensi ya haki ni "asilimia 4.1 ya watoto waliopimwa walikuwa na sifa ya selimundu na vimelea kwa pamoja." Wakati wa kusahihisha nimeliona kosa hili mara nyingi, na karibu kila mara chanzo ni kwamba jumla kuu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wa mwandishi.

Inamfaa anayeeleza sura ya jamii nzima, au anayekadiria ni watu wangapi watahitaji huduma mbili kwa wakati mmoja.

## Kutoka njia moja kwenda nyingine

Aliye na idadi halisi za visanduku hana haja ya kuogopa kukosea uchaguzi, kwa kuwa anaweza kurudi na kukokotoa upya. Shida humpata aliyepewa asilimia peke yake. Ukiambiwa tu kwamba asilimia 27.9 ya kundi moja na asilimia 45.7 ya jingine wana vimelea, huwezi kusema ni sehemu gani ya wenye vimelea inatoka kundi la kwanza, hadi upewe ukubwa wa makundi. Ukiambiwa kwamba kundi la kwanza ni asilimia 14.8 ya wote, njia inafunguka. Zidisha 0.148 kwa 0.279 upate takriban 0.041, zidisha 0.852 kwa 0.457 upate takriban 0.389, jumla ya hizo mbili ni 0.430, na 0.041 ikigawanywa kwa 0.430 inakuletea takriban 0.095, ambayo imepishana na 0.096 ya kweli kwa sababu tu tumekata desimali njiani.

Kipo pia kipimo kimoja kisichojali umegawanya kwa kundi au kwa matokeo. Zidisha visanduku vya mshazari mmoja, gawanya kwa zao la mshazari wa pili: kwa watoto wa Kampala ni 12 × 134 ikigawanywa kwa 31 × 113, takriban 0.46, kwa wanaume wa London ni 647 × 27 ikigawanywa kwa 2 × 622, takriban 14. Moja ingemaanisha hakuna uhusiano. Watafiti wa magonjwa hukipenda kwa sababu hakiyumbishwi na idadi waliyoipanga wenyewe, ingawa kumweleza msomaji wa kawaida maana yake kunahitaji uvumilivu ambao asilimia haiuhitaji.

## Kwa hali yako

Ukiwa umepima watu bila kuwachagua kwa kundi wala kwa matokeo, na unataka kujua kama kundi linaathiri tokeo, gawanya kwa kundi, kisha toa pia asilimia ya wote kama mzani. Hata hivyo, kama ripoti yako itasomwa na mtu anayegawa dawa, wauguzi au magari, mwongezee asilimia za matokeo katika jedwali la pili. Usizichanganye mbili hizo katika jedwali moja, kwani msomaji hatajua ipi inajumlika wapi.

Ukiwa uliyapanga makundi mwenyewe, kama ilivyo katika majaribio mengi ya kilimo ambapo mashamba kadhaa hupewa mbolea na mengine kadhaa kunyimwa, una njia moja tu kati ya tatu, nayo ni ya kundi. Ukiwa ulianza na wagonjwa na kuwatafutia wenzao wazima, una moja tu pia, ya matokeo, na ukitaka kwenda mbele zaidi tumia mishazari.

Ukiwa unatumia programu ya majedwali kama Excel, fahamu kwamba chaguo zote tatu zimo katika orodha moja na programu haitakuuliza kwa nini umechagua uliyoichagua. Kabla ya kunakili namba kwenda kwenye ripoti, tazama 100 imekaa wapi: mwisho wa kila safu mlalo, chini ya kila safu wima, au pembeni kabisa peke yake.

Ukiwa unasoma asilimia ya mtu mwingine asiyetaja alichogawanyia, fanya kazi hiyo hiyo ya kuitafuta 100. Ikikosekana, na idadi halisi zikikosekana pia, mwandikie umuulize; kukisia hapo ni kumwandikia utafiti wake.

Na ukiwa katika chumba cha mtihani, lisome swali tena ukitafuta "kati ya" au neno lolote linalofanya kazi yake, kama vile "miongoni mwa", "ikiwa" au "iwapo tayari tunajua kwamba". Ikiwa swali lina utata, andika asili yako kwa maneno kabla ya kugawanya, ili msahihishaji aone umewazungumzia akina nani. Mwanafunzi wangu nilimwomba anisomee swali lake kwa sauti. Lilisema, "Kati ya watoto waliokutwa na vimelea, ni asilimia ngapi walikuwa na sifa ya selimundu?" Alipofika kwenye neno "waliokutwa" alinyamaza, akachukua raba, akafuta jibu la kwanza na la tatu, kisha akaandika 125 kwa wino chini ya ile 12 yenye duara.